Mtoto Aliyefichwa Ndani ya Khanga

Vyeo vyangu mtavikuta kwenye faili langu kule wilayani, kama panya hawajalifikia. Mshahara wangu mnaujua, maana ni ndugu wa mshahara wenu, nao hauna hadithi. Ninachotaka kuwaachia, wadogo zangu mliobaki kituoni, ni yale ambayo faili halina: watoto tuliowahudumia, namna tulivyojifunza kuwahudumia, na makosa ambayo mkiyajua mapema hamtayarudia.

Mimi ni muuguzi. Jina langu ni Mwanaidi, ila huku juu ya Lukozi watu wamenizoea kwa jina la Sista, kana kwamba sikuwahi kuwa na jingine. Nilizaliwa Muheza, kwenye joto na michungwa. Nilipopangiwa kazi Lushoto nilipanda mlima nikiwa na gauni jepesi, kandambili, na khanga mbili za kujifunika usiku. Tulipokaribia kituo nikaona weupe umefunika mabonde yote. Nikamuuliza dereva nani anachoma shamba asubuhi yote ile.

"Hakuna anayechoma, sista," akaniambia. "Huo ni ukungu. Utauzoea au utaondoka."

Kituo chetu wakati ule kilikuwa na vyumba vinne na wodi ndogo ya kina mama na watoto, paa la bati, na benchi refu barazani. Mkuu wa kituo alikuwa afisa tabibu aliyeitwa Singano, ambaye kila mtu alimwita Daktari. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye maneno machache na makali, aliyevaa mabuti ya mpira masika na kiangazi, na kofia nyekundu ya sufu aliyofumiwa na mkewe. Alinitazama miguu kabla ya kunitazama uso.

"Umekuja kutembea au kufanya kazi?"

"Kufanya kazi, Daktari."

"Basi kesho tafuta viatu. Leo simama pale mlangoni, utie mikono mfukoni, utazame."

"Sare yangu haina mifuko."

"Basi ikunje."

Nikasimama nimekunja mikono asubuhi nzima, nimenuna. Niliona huyu mzee ananidharau, na mimi nimetoka chuoni na alama zangu nzuri. Watu walipopungua akaja akasimama karibu yangu. "Kati ya watoto wote waliokaa pale barazani leo," akaniuliza, "yupi alikuwa mgonjwa kuliko wenzake?"

Nikamwonyesha mvulana aliyekuwa amelia mpaka sauti ikamkauka. Akatikisa kichwa.

"Yule ana ugonjwa wa sikio. Anaumwa, lakini ana nguvu ya kukulalamikia. Mgonjwa alikuwa yule wa pembeni, aliyelala begani kwa mama yake macho yamefumbuka nusu, na wala hakujali nzi. Anayelia msikilize. Anayenyamaza mkimbilie."

Hilo ndilo somo langu la kwanza, na mpaka leo sijapata lililo kubwa kuliko hilo. Mkifika asubuhi, kabla hamjafungua dirisha la kuandikisha, piteni barazani. Kila mama muulizeni: mtoto anaweza kunywa au kunyonya? Anatapika kila anachopewa? Amepata degedege? Amelegea au haamki vizuri? Likitoka jibu moja baya, huyo anaingia ndani kwanza, hata kama amefika wa mwisho, na hata kama mwenyekiti wa kijiji yupo kwenye foleni na kikohozi chake.

Somo la pili lilikuwa la kupumua. Mtoto mwenye kikohozi tulimwacha mapajani kwa mama yake, tukainua nguo, tukatazama kifua. Singano hakuruhusu mtu kuhesabu pumzi kwa nusu dakika halafu kuzidisha mara mbili. Alisema mtoto hapumui kwa hesabu za sokoni. Ni dakika nzima, saa yenye mshale wa sekunde mkononi, na mtoto awe ametulia. Akilia, mnasubiri. Akinyonya, mnasubiri. Viwango vya kila umri vimebandikwa ukutani, visomeni hata kama mnavijua. Lakini mkiona mbavu za chini zinaingia ndani kila anapovuta hewa, hapo msibishane na ukuta. Mpeni dozi ya kwanza ya dawa na mtafute gari.

Kuhusu kuhara sina jipya, nina uchungu tu wa kurudia. Wazazi wengi huamini dripu kuliko kijiko kwa sababu dripu inaning'inia, na kitu kinachoning'inia huonekana ni cha kitaalamu. Kwa mtoto aliyekauka kabisa, aliyelegea, asiyeweza kunywa, dripu ni uhai na msichelewe. Lakini wengi wanaokuja kwetu wanaokolewa na dawa ya chumvichumvi inayochanganywa kwenye maji safi, vidonge vya zinki, na ziwa la mama lisiloachwa. Mama akiwaambia "anayatapika yote", msimjibu kwanza. Mwambieni ampe mkiwa mnaona. Mara nyingi mtakuta amemwinulia kikombe kizima, na mtoto mwenye kiu amekunywa kama punda. Mpumzisheni kidogo, kisha kijiko, ngoja, kijiko. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo maana inahitaji mtu anayempenda huyo mtoto.

Na degedege: mlazeni ubavu, ondoeni vitu vinavyoweza kumuumiza, msimtie chochote kinywani. Nimetoa meno mawili yaliyovunjwa na kijiko cha babu mmoja aliyekuwa na nia njema sana.

Sitaki mfikiri miaka yote ilikuwa ya hofu. Huku ni nchi ya maharage, na msimu wa kupukuchua maharage ulikuwa msimu wetu wa pua. Mtoto anakaa kwenye mkeka na bibi yake, anaona tundu, anaona harage, anafanya anachokifanya mtoto yeyote mwenye akili. Kosa ni kuingiza koleo: harage ni laini, linateleza, linakwenda ndani zaidi, na likikaa linavimba. Singano alinifundisha kumwambia mama aweke mdomo wake juu ya mdomo wa mtoto, kama anayembusu, azibe kwa kidole tundu lisilo na kitu, kisha apulize mara moja kwa nguvu. Siku niliyojaribu hivyo kwa mara ya kwanza, harage lilimtoka mtoto kama risasi, likampiga Daktari kwenye kioo cha miwani. Akaifuta miwani taratibu. "Sasa unajua," akasema. Lisipotoka hivyo, msilichokonoe. Mpelekeni hospitali.

Dawa za kunyunyizia nyanya na kabeji ni jambo lisilo na kicheko. Siku zote waambieni wazazi wasizihifadhi kwenye chupa za soda. Mtoto akinywa, msimtapishe, mvueni nguo, mwosheni ngozi mkiwa mmevaa glavu, mwangalieni anavyopumua, na mwondoke naye haraka pamoja na kopo lenye jina la dawa. Nimesema, na sitaongeza, kwa sababu nikiongeza nitalia.

Sasa nifike kwa Salma.

Nilikuwa nimeshakaa kituoni miaka kadhaa, Kishambaa nakisema kwa lafudhi ya Muheza na watu wanacheka lakini wanaelewa. Ulikuwa mwisho wa masika. Salma alikuja kliniki ya wajawazito, msichana mnyamavu, mimba yake imeanza kuonekana. Mgongoni alikuwa na mzigo uliofungwa kwa khanga mbili na kufunikwa sweta juu.

"Huyo mgongoni ana umri gani?"

"Mdogo tu, Sista."

"Amelala?"

"Amelala."

Nikamwambia amshushe ili nimpime uzito yeye peke yake, maana mizani haijui nani ni nani. Akasita. Akafungua fundo moja, akaacha jingine, na kwa kuhangaika huko mguu mmoja ukachomoka. Ulikuwa mguu mnene, unang'aa. Mgeni angesema mtoto kanawiri. Nikaubonyeza kwa kidole gumba juu ya unyayo, nikaondoa kidole, na shimo likabaki pale pale.

Salma aliona nilichokiona. Akanishika mkono.

"Mama mkwe wangu yuko nje. Sista, nakuomba usiseme."

"Nisiseme nini?"

"Kwamba nimembemenda."

Nyie wa siku hizi mnalijua neno hili, lakini hamkulijua likiwa na meno yake yote. Mtoto akidhoofu au akivimba wakati mama ana mimba nyingine, watu husema wazazi walirudiana kitandani kabla mtoto hajakua, wakamharibu. Husemwa wazazi, lakini aibu hubebwa na mama. Kwa hiyo mtoto anayehitaji kuonekana ndiye anayefichwa. Hapelekwi kliniki, hapimwi mkono, hapitishwi njia yenye watu. Kila anavyozidi kuumwa ndivyo anavyofunikwa zaidi.

Nikafungua fundo la pili mwenyewe. Jina lake Zuhura, alikuwa ameshatimiza mwaka na miezi kadhaa. Nywele zilikuwa nyekundu na nyepesi kama nyuzi za mahindi mabichi. Ngozi ya mapaja ilikuwa imeanza kubanduka. Alinitazama bila kuniona. Hakulia.

"Salma, nisikilize," nikamwambia. "Mtoto huyu hakuharibiwa na mimba wala na kitanda chako. Ulimwachisha ziwa lini?"

"Nilipojua nina mimba. Waliniambia maziwa yameshakuwa mabaya."

"Halafu anakula nini?"

"Uji. Alikuwa anakula. Sasa anageuza uso."

Nilimwita Singano. Aligusa miguu ya mtoto, kisha tumbo, na uso wake ukabadilika. Miguu ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. "Sukari na joto kwanza," akasema. "Maneno baadaye." Tulikuwa tunampa maji ya sukari kwa kijiko, tumemzungushia blanketi, mlango ulipofunguliwa akaingia mama mkwe.

Aliitwa Bibi Zahabu. Alikuwa mrefu, amejifunga shuka juu ya baibui kwa ajili ya baridi, na hakuangalia mtu isipokuwa mtoto.

"Mfunge tuondoke," akamwambia Salma. "Nimeshapata mganga wa kumtengeneza."

Mimi nilikuwa nimeshafungua kinywa. Singano akaniwahi. Akasimama, akavua ile kofia nyekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akamuuliza habari za nyumbani. Akamuuliza mvua iliwafanya nini maharage. Akamuuliza kama njia ya kwao inapitika. Mimi nilichemka kama sufuria. Mtoto yupo katika hali ile na Daktari anauliza habari za maharage! Lakini mkono wake mmoja ulikuwa bado kwa Zuhura, na kijiko hakikusimama.

"Mama, umejaliwa watoto wangapi?"

"Saba."

"Wapo wote?"

Bibi Zahabu akakaza fundo la shuka lake. "Watano."

"Kati ya wale wawili, kuna aliyevimba hivi?"

Yule mama akatafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Mmoja," akasema. "Alikuwa wa kiume."

"Na nani alisemwa?"

"Mimi." Sauti yake ilishuka. "Mama mkwe wangu alinisema mpaka siku anaingia kaburini. Nilipoona miguu ya huyu nikasema, limerudi kwenye nyumba yetu. Daktari, kama si hilo, mwanangu aliuawa na nini?"

Mtu mwingine angepata hapo nafasi ya kutoa hotuba. Singano akasema, "Sikumwona, mama, siwezi kukudanganya. Lakini huyu namwona. Nipe nafasi."

Salma alikuwa anatazama chini, machozi yanamdondokea kwenye tumbo. Bibi Zahabu alimtazama mkwewe kwa muda mrefu, nadhani kwa mara ya kwanza siku ile. Kisha akavua shuka lake.

"Akilazwa, nitalala naye mimi," akasema. "Huyu ana mimba, apumzike."

Kwa kawaida mtoto wa namna ile tungempeleka hospitali Lushoto saa ile ile, na nyie fanyeni hivyo. Lakini udongo ulikuwa umeporomoka kwenye barabara, na lori la kabeji limezama katikati. Tukaanza wenyewe, tukifuata mwongozo neno kwa neno. Antibiotiki, hata kama hana homa, maana mwili uliochoka hausemi unapoumwa. Maziwa maalumu tuliyochanganya wenyewe, kidogo kidogo, mchana na usiku bila kuruka. Dripu hapana, dawa ya kuongeza damu hapana mpaka aanze kunenepa. Na joto! Vitabu vingi viliandikwa na watu wa tambarare. Huku kwetu mtoto mwenye utapiamlo anaweza kufa kwa baridi huku dawa zote zimo kwenye damu yake. Kofia, soksi, ngozi kwa ngozi, na dirisha la upande wa ukungu lifungwe.

Bibi Zahabu alipoona kipimo cha maziwa alikasirika waziwazi.

"Mtoto anakufa kwa njaa nanyi mnampa kifuniko cha chupa ya chai!"

Singano akamuuliza, "Mama, moto jikoni ukibaki kaa moja, unaweka gogo?"

"Gogo litauzima. Naweka vijiti."

"Basi hivyo ndivyo tunavyofanya."

Bibi akakichukua kijiko. Tangu hapo hakukosea mlo hata mmoja, na mimi nikichelewa dakika chache alikuwa akikohoa mlangoni kwa namna ambayo niliielewa.

Tatizo likaletwa na upendo, kama kawaida ya matatizo mengi ya watoto. Athumani, baba yake Zuhura, alikuwa Dar es Salaam akiuza karoti. Aliposikia akarudi, akaliacha gari kwenye maporomoko akamalizia kwa miguu, begani ana mfuko wa maandazi na chupa ya soda. Akafika wakati mama yake yuko kwenye swala ya adhuhuri na mimi niko chumba cha kuzalishia. Akamkuta mwanawe yuko macho, akatafuna andazi, akamlisha, na soda juu yake. Na Zuhura, ambaye alikuwa ameanza kupata hamu, akala.

Alasiri tumbo lilikuwa gumu kama ngoma. Akaanza kuhara, kisha akalegea, na ule ubaridi ukarudi. Singano alipiga magoti kando ya kitanda, akapima sukari, akaagiza maji ya chumvichumvi ya watoto wenye utapiamlo, machache machache, na hakuinuka tena. Bibi Zahabu aliliona andazi sakafuni, akalitazama, kisha akamtazama mwanawe. Athumani alisimama mlangoni.

"Sista, nimemuua?"

"Hapana. Vua koti."

"Eti?"

"Vua koti, vua na shati, kaa hapa."

Alikuwa kijana mwenye kifua kipana, amezoea kubeba magunia. Nikamlaza Zuhura kifuani kwake, ngozi kwa ngozi, nikamvika Athumani koti lake kubwa la mtumba tena na kulifunga vifungo juu ya wote wawili, ikabaki kofia ya mtoto tu chini ya kidevu chake. "Usimtikise," nikamwambia. "Wewe sasa ni jiko." Nikamwona analia bila sauti, akijizuia hata kupenga kamasi ili asimwamshe.

Ilikuwa safari ndefu ya kumrudisha. Lakini ubaridi ulipungua, tumbo likalegea, na Zuhura akaanza tena kumeza kutoka kwenye kijiko cha bibi yake. Athumani hakutaka kumwachia mtu koti. Wenzake wa karoti walikuja kumsalimia wakamkuta amekaa kitandani wodi ya kina mama, mtoto ndani ya koti, wakaanza kumcheka.

"Athumani, unanyonyesha lini?"

"Nyamazeni," akawajibu. "Amelala."

Kisha Salma akatujia amefadhaika. Amemwona mwanawe amekonda, uso umeingia ndani, uzito kwenye mizani umeshuka. Kumbukeni hili, maana wazazi hutoroka na watoto wakati huu: uvimbe ukiondoka, maji yanaondoka, na mtoto anaonekana mbaya kuliko alivyokuja. Nilimkalisha nikamwonyesha unyayo. Nikaubonyeza. Shimo halikubaki. "Huyu ndiye mwanao," nikamwambia. "Yule wa mwanzo alikuwa maji."

Asubuhi moja nilikuwa napanga dawa, Singano yuko mlangoni anakung'uta matope kwenye mabuti. Athumani akapiga chafya, ile chafya kubwa ya mtu aliyeizuia muda mrefu. Koti zima likaruka. Nikamwona Zuhura anainua uso, anamtazama baba yake, mdomo unatetemeka. Nikadhani atalia. Akatabasamu.

Singano aliacha buti moja nje akaingia na soksi. Alisimama akimtazama mtoto, akaanza kumkunjia uso na kumtolea ulimi, mtu ambaye sikuwahi kumwona akitania hata kuku, na Zuhura akatabasamu tena. "Sasa tuna mtoto," akasema. Wadogo zangu, mizani itawaambia, na utepe wa kupimia mkono utawaambia, lakini tabasamu huwahi kufika. Mtoto wa utapiamlo akianza kucheka, chezeni naye. Nayo ni dawa.

Tulimruhusu barabara ilipoanza kupitika na nguvu zimerudi. Tuliwaagiza wampe uji wenye unga wa karanga, maharage yaliyopondwa, maziwa, parachichi linalooza chini ya miti yao kwa wingi, yai likipatikana. Hakuna kitu hapo kilichotoka mbali. Salma alijifungua salama mtoto wa kiume, na safari hii hakuna aliyemwambia maziwa yake ni mabaya.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, lakini kuna asubuhi moja ya kliniki, siku nyingi baadaye, ambayo ndiyo hasa niliyotaka kuwasimulia. Benchi la barazani lilikuwa limejaa kina mama. Bibi Zahabu akatokea kwenye ukungu, anamvuta kwa mkono mwanamke kijana ambaye sikumfahamu, jirani yake, aliyeinamisha kichwa. Mgongoni mzigo umefunikwa gubigubi.

Bibi hakuingia ndani. Alisimama mbele ya benchi, akasema kwa Kishambaa, kwa sauti ambayo hata wa upande wa pili wa bonde wangeisikia:

"Huyu mwanangu ana mtoto aliyevimba miguu. Hakumbemenda. Na mimi yule wangu aliyevimba sikumbemenda. Nilisemwa nikanyamaza, na kunyamaza kwangu hakukumrudisha. Mwenye mtoto mgongoni, amfungue aonekane."

Mimi nimesimama na bomba la sindano mkononi, sithubutu kusogea. Kisha mwanamke mmoja mwisho wa benchi akapeleka mkono kifuani, akafungua fundo. Akafuata wa katikati. Ndani ya khanga zile kulikuwa na watoto wengi wazima tu, wanene, wenye hasira ya kuamshwa. Lakini walikuwamo pia wawili waliovimba miguu, ambao wasingeonekana siku ile, wala pengine siku nyingine yoyote.

Singano alistaafu akarudi kwao Mlalo, na mabuti yake. Bibi Zahabu ametangulia mbele ya haki. Nilikwenda msibani, Athumani alilia kama mtoto na hakuna aliyemcheka. Baada yao nimefanya kazi na wengi. Siku hizi wazazi wanakuja na simu, wamesoma ugonjwa wote njiani juu ya bodaboda, na wengine wameshampa mtoto nusu ya dawa za jirani kabla ya kufika. Msiwakaripie. Waulizeni kwa upole wamempa nini, maana aliyekaripiwa atawaficha jibu, na jibu hilo ndilo mnalolihitaji.

Siku yangu ya mwisho ya chanjo, Neema, muuguzi kijana aliyechukua nafasi yangu, alikuwa ameketi kwenye kiti changu na mimi nimeketi kwenye cha wageni. Akaingia mama na mtoto mdogo wa kuchanjwa, pamoja na dada yake huyo mdogo, wa miaka kama minne, anayeitwa Mwajuma. Huyu Mwajuma tulijuana vizuri. Alikuwa na kovu la jipu nililolipasua. Alijificha nyuma ya sketi ya mama yake, jicho moja nje.

"Msalimie Sista," mama akamhimiza. "Msalimie na huyu Sista mpya."

Hakusalimia mtu.

"Mwajuma," nikamwambia, "mimi naondoka. Naenda zangu kulima."

Jicho likapanuka. "Na sindano unaondoka nazo?"

"Hapana. Namwachia Sista Neema."

Akafikiri. Akamtazama Neema kuanzia viatu mpaka kofia. Akatoka nyuma ya sketi, akavuka chumba kizima, akanipita mimi kama vile sipo, akasimama mbele ya kile kiti, akakunja goti kwa adabu zote alizofundishwa.

"Shikamoo, Sista," akamwambia Neema.